Kabla hujanunua mfumo, uliza nani ataruhusiwa kuubadilisha

Siku hizi hapa Unguja kila ofisi inataka mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kazi, hata nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Muuzaji anakuahidi wepesi, na hasemi uongo. Asichokwambia ni kwamba mfumo unashika taratibu zako kama zilivyokuwa siku ulipofungwa. Mambo yakibadilika na wewe huna ruhusa ya kuugusa, utalikumbuka daftari.

Nimefanya kazi kwenye hoteli ndogo yenye tawi Chake Chake, kisiwani Pemba. Kusi likivuma na boti ikizuiwa, wageni huomba kusogeza tarehe. Zamani dada wa mapokezi alikata jina kwa kalamu, akaliandika ukurasa wa pili, yakaisha. Ulipokuja mfumo, kusogeza tarehe kukahitaji neno la siri la meneja, na meneja yuko Unguja, simu kazima. Wageni wamekalia mabegi yao, dada anarudia, "Mfumo haukubali." Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Asiyekubali ni bosi, aliyeamua mtu wa mapokezi asiaminiwe.

Ramadhani nayo ikaja na yake. Saa za kazi zilipunguzwa, mashine ya kidole inayoandika nani kaja kazini na saa ngapi haikuambiwa, ikatuandika sote kuwa tumetoroka. Kurekebisha, mpaka fundi atoke Dar es Salaam, kwa nauli yetu.

Kwa hiyo mkalishe muuzaji mbele ya kompyuta, umwambie akuoneshe wewe mwenyewe unavyobadilisha bei, saa za kazi na tarehe ya mgeni. Akijibu "tupigie tu, tutakufanyia", jua bei aliyokutajia si yote. Muulize pia utazitoaje kumbukumbu zako siku ukitaka kuhama.

Halafu mpe mtu wa mapokezi mamlaka yenye mpaka, tuseme asogeze tarehe siku mbili bila kumuuliza mtu. Mfumo mzuri huandika nani kabadilisha nini na saa ngapi, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, maana unaweza kumwachia mtu kazi na bado ukajua kilichofanyika.

Na intaneti usiiamini kupita kiasi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, mtandao ukazorota Tanzania nzima. Kila jioni chapisha orodha ya wageni wa kesho. Ya Pemba ichapishwe Pemba. Karatasi iliyoko Unguja haimsaidii aliye Chake Chake.