Wiki nane, odowa na kliniki

Dadangu, umesema mimba ina wiki nane, unatafuna odowa (yale mawe laini) kila siku, na mamako anasisitiza kliniki ni mimba ikifika mwezi wa tano. Mheshimu mama, lakini nenda wiki hii, maana mtoto huumbika mapema. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa; moyo wa mtoto tayari unapiga.

Waambie wahudumu wa kliniki kuhusu odowa, usione haya. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na mawe yale huweza kuwa na madini ya risasi yanayomfikia mtoto. Watakupima damu. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa.

Ukitokwa na damu au tumbo likikukata upande mmoja, kimbia hospitali, hata usiku.