Saa Nane Mchana, Usiku wa Manane

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu jukwaa la Uingereza enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nahisi mitihani imekaribia. Wale walionitaka niwaandikie insha nzima, hizo barua nimeziweka pembeni.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma *Hamlet*, tamthilia ya Shakespeare, na wahusika wananichosha kwa kusema kila kitu: mara saa sita ya usiku imegonga, mara baridi kali. Kwani watazamaji hawakuwa na macho? (Mwanafunzi wa fasihi)

Marahaba mwanangu. Macho walikuwa nayo, na hapo ndipo penye kazi. Maonyesho yalianza kama saa nane mchana, katika ukumbi ulio wazi juu, bila taa ya kuwasha wala kuzima. Waliolipa peni 1 walisimama uwanjani, jua lao, mvua yao. Aliyetaka kukaa kwenye roshani chini ya paa aliongeza peni nyingine.

Sasa rudi kwenye mwanzo wa *Hamlet*. Walinzi wawili wanakutana gizani na mmoja anauliza, “Nani huyo?” Tazama vizuri ni nani aliyeuliza: ni yule anayekuja kupokea zamu. Mwenye lindo anamkatiza, kwamba hapana, wewe ndiye ujitambulishe. Mambo yamegeuka, mgeni anamhoji mlinzi, na papo hapo tunajua kwamba hawaonani na kwamba kuna kitu kinawatisha. Kumbe waigizaji wenyewe wamesimama hatua chache tu mchana kweupe, na umati unawaona wote wawili! Ikifuata ile saa sita, ile baridi, na taarifa kwamba hata panya hajatikisika, usiku umeshaingia. Pengine mwigizaji aliingia na mwenge mkononi, nao haukuwekwa ili umulike chochote. Ulikuwa ishara ya usiku, basi.

Kwa hiyo usiiruke mistari hiyo. Mandhari ya kuchora nyuma ya waigizaji hayakuwapo. Kiti cha enzi kikiletwa, tuko ikulu. Kikiondolewa, huenda tuko njiani, na mhusika ndiye atakayetuambia.

Mwalimu, mbona kila anayeuawa lazima mtu aagizwe kumbeba? (Mpenzi wa tanzia)

Kwa sababu hapakuwa na pazia la mbele. Jukwaa lilichomoza ndani ya uwanja na watu wakalizunguka pande tatu. Mkataba wa kujenga ukumbi wa Fortune, wa mwaka 1600, unataja jukwaa lenye upana wa futi 43 linalofika katikati ya uwanja. Ukifia pale huna pa kujificha, na onyesho linalofuata haliwezi kuanza huku marehemu anapumua mbele ya watu. Katika *Julius Caesar* wananchi waliopandishwa hasira na hotuba ya Antony ndio wanaouchukua mwili wa Caesar. Mwishoni mwa *Hamlet* zimelala maiti nne, na Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norway, anawaamuru makapteni wanne wambebe Hamlet kwa heshima za askari. Shida ya jukwaa imegeuzwa mazishi ya kishujaa. Mimi hapo humvulia kofia mwandishi kuliko kwenye hotuba zake ndefu.

Uzungumzi nafsi na maneno ya kando, tofauti yake ni nini hasa? (Mwigizaji chipukizi)

Uzungumzi nafsi: mhusika yuko peke yake, au anadhani yuko peke yake, na anatoa ya moyoni. Maneno ya kando: wenzake wapo jukwaani lakini hawamsikii, sisi tunamsikia. Vitabu vingi vinaishia hapo, ila wewe ni mwigizaji, nikuongezee. Usiangalie dari ukijisemea. Watu wa enzi ile walisimama karibu kabisa na ukingo wa jukwaa, mwanga uleule ukiwaangaza wao na mwigizaji. Mwigizaji aliziona nyuso zao. Richard wa Gloucester anafungua tamthilia ya *Richard III* kwa kutueleza sisi njama zake, kisha anamwona ndugu yake Clarence akija na kuyaamuru mawazo yake yazame rohoni. Sekunde moja baadaye anamsalimia ndugu yake kwa upole. Sisi tayari ni washirika wake katika uovu.

Je, walifanya mazoezi kwa muda gani? Na nafasi za wanawake ziliigizwa na nani? (Mkurugenzi wa kikundi cha maigizo)

Machache mno, ndugu yangu. Kumbukumbu za hesabu za Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, zinaonyesha kikundi kikibadili tamthilia karibu kila siku. Tena mwigizaji hakupewa tamthilia nzima. Kunakili kwa mkono kulikuwa na gharama, kwa hiyo alipewa maneno yake tu, yakitanguliwa na maneno machache ya mwisho ya yule anayesema kabla yake. Karatasi ziliungwa zikawa mkunjo mrefu. Mkunjo wa mwigizaji Edward Alleyn, wa nafasi ya Orlando katika tamthilia ya *Orlando Furioso*, umehifadhiwa hadi leo katika Chuo cha Dulwich, London. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo huna budi kumsikiliza mwenzako kwa makini, maana hujui ataongea mstari mmoja au ishirini. Nyuma ya jukwaa ilitundikwa orodha ya nani aingie lini. Na nafasi za wanawake, kwa kuwa umeuliza pia, ziliigizwa na wavulana.

Ni kweli walipiga mizinga jukwaani? (Asiyeamini)

Ni kweli. Ukumbi wa Globe ulijengwa Southwark, London, mwaka 1599 kwa mbao za ukumbi wa zamani alioujenga James Burbage kule Shoreditch mwaka 1576, na uliezekwa nyasi. Tarehe 29 Juni 1613, Elizabeth akiwa ameshafariki miaka 10 nyuma, mzinga ulipigwa kumkaribisha mfalme katika tamthilia kuhusu Henry wa Nane. Cheche zikashika nyasi, ukumbi ukateketea wote. Watu walitoka salama. Bwana mmoja suruali yake ilishika moto, akaizima kwa bia. Mwaka uliofuata Globe ilisimamishwa upya, safari hii kwa paa la vigae.