Maswali ya Wasomaji: Gari Linalochemsha, Tairi Lililopasuka na Fundi wa Kubahatisha

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinalalamikia jambo lile lile: gari liliharibika, fundi akabadilisha kifaa, fedha ikatoka, na tatizo likabaki pale pale. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu wanaoniuliza swali hilo ni wengi kuliko wote.

Ndugu Mhandisi, nilihamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam na gari langu dogo la Kijapani ambalo kule halikuwahi kunisumbua. Tangu nifike linachemsha mchana ninapotoka Mtumba kurudi Ilazo, hasa nikiwasha kiyoyozi. Fundi wa kwanza aling'oa themostati, ile vali ya maji ya injini, akisema kwenye nchi ya joto haina kazi. Wa pili alibadilisha pampu ya maji. Bado linachemsha, na sasa linakula mafuta zaidi. Kila asubuhi naongeza maji ya bomba. Nifanyeje? — Mtumishi wa umma, Ilazo

Ndugu yangu, joto la Dodoma linasingiziwa. Mchana wa Dar es Salaam mwezi Februari haupungui ukali ukiulinganisha na wa Dodoma mwezi Novemba, na gari lako liliuvumilia. Kilichobadilika zaidi ni mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda, maji ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, hapa yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini maji ya injini ya petroli iliyo nzima huwa kati ya nyuzi 85 na 95, na feni ya umeme ya rejeta kwa kawaida husubiri yapite nyuzi 90 ndipo iwake.

Kinachoyazuia maji hayo yasichemke ni mfuniko wa rejeta. Ndani yake mna springi na mpira, na juu yake, kwa magari mengi ya Kijapani, pameandikwa 0.9 au 1.1, namba inayoonyesha mgandamizo ambao mfuniko unaushikilia kabla ya kuuachia. Mfuniko mzima wa 1.1 hukupandishia kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 hata hapa Dodoma. Mpira wake ukikauka au kupasuka, mgandamizo hautunzwi, nawe unabaki na zile nyuzi 96 za maji yaliyo wazi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mfuniko wako ulikufa ukiwa bado Dar es Salaam, ila kule ulikuwa na nafasi kidogo ya kupumulia ambayo huku haipo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo, na huenda ndiyo sababu mafundi wengi hawakitazami.

Hata hivyo, sitaki nawe ubadilishe mfuniko kwa kubahatisha kama walivyofanya mafundi wako. Hukuniambia kama gari linachemsha likiwa linakimbia au likiwa limesimama, na jibu la swali hilo ni nusu ya uchunguzi. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likianza kutembea lina tatizo la feni: mota imechoka, rilei (swichi yake) imeungua, au waya umekatika. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na usikilize. Kwa magari mengi ya aina hiyo feni inapaswa kuwaka muda mfupi baadaye. Gari linalochemsha kwenye mwendo mkubwa au kwenye mlima, lakini linatulia likisimama, lina tatizo la maji kutozunguka vya kutosha au hewa kutopenya kwenye rejeta. Hapo hakikisha kwanza kama mapezi ya rejeta, pamoja na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, hayajajaa vumbi, mbegu za nyasi na panzi. Vumbi la huku hujipenyeza baina ya hizo mbili mahali ambapo jicho halifiki. Lisafishe kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa sababu mashine ya kuoshea magari yenye nguvu hukunja mapezi na kukuachia hali mbaya zaidi.

Kuhusu themostati, fundi wako wa kwanza amekukosea. Kazi ya kifaa hicho ni kuizuia injini isikae baridi, na kwa kawaida hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ukiing'oa, asubuhi za Juni na Julai injini huchelewa kupata joto, kompyuta yake hudhani bado ni wakati wa kuwasha gari na huendelea kumimina petroli ya ziada. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Kwa baadhi ya injini ni vibaya zaidi, kwa kuwa themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kulipoza. Mwambie airudishe, na iwe mpya.

Jambo la maji ya bomba limenisikitisha kuliko yote. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi nyingi, na kila mwenye birika la umeme mjini hapa ameuona ukoko mweupe unaoachwa chini yake. Ukoko huo huo hujijenga ndani ya mirija myembamba ya rejeta, mahali ambapo huwezi kuukwangua. Aidha, maji matupu hayana kinga dhidi ya kutu, na hayalainishi sili ya pampu ya maji. Pampu yako mpya haitadumu kwa mtindo huo. Mwaga yote, mfumo usafishwe, kisha ujaze kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa tayari au ile ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Angalia chupa imeandikwa maji na si asidi, kwa maana maduka mengine huviweka pamoja.

Swali la mwisho kwako ni hili: maji unayoongeza kila asubuhi yanakwenda wapi? Yakiwa yanavuja nje, utaona alama kavu za rangi kwenye paipu au chini ya pampu. Yakiwa hayavuji popote, mwombe fundi apime kama gasketi ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, imekufa. Dalili zake ni mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiziona, usiliendeshe tena hata hadi dukani. Na siku litakapochemka njiani, zima kiyoyozi, egesha pembeni, zima injini, na usiufungue mfuniko hadi uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto yanaweza kuipinda hedi ya aluminiamu, na kuichonga hedi ni gharama ambayo mfuniko wa rejeta ungekuepushia.

Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwalimu Kongwa. Tairi la nyuma lilipasuka nikiwa kati ya Kibaigwa na Gairo, mchana, mwendo wa kawaida. Ni tairi la mtumba lakini kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, zilikuwa bado ndefu. Fundi wa pancha ameniambia wakati wa jua kali nipunguze upepo kwa sababu lami ikipata moto upepo hutanuka. Je, ni kweli?

Marahaba, mwalimu, na pole kwa mkasa huo. Fundi wako ameanza na ukweli na akamaliza na hatari. Ni kweli kwamba upepo hutanuka ukipata joto. Mgandamizo hupanda kwa takriban PSI 1 kwa kila nyongeza ya nyuzi 6 hivi, na waliotengeneza tairi walilijua hilo na kuliwekea nafasi. Kinachopasua tairi mara nyingi ni upungufu wa upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira wenyewe, na kwenye safari ndefu ya barabara kuu tabaka za ndani zinaweza kuanza kuachana. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na safarini usiupunguze hata ukiona umepanda kidogo. Ukibeba abiria wanne na magunia ya alizeti, fuata kiasi kikubwa kilichoandikwa kwa ajili ya mzigo kama kibandiko chako kinacho.

Kashata ndefu hazisemi umri. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Namba hiyo mara nyingi huwa upande mmoja tu, na fundi akilifunga tairi huku namba ikitazama ndani, itakubidi uingie uvunguni na tochi. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5 na lisitumike kabisa likivuka miaka 10, hata kama halijachakaa. Tairi la gari linaloshinda juani kwenye uwanja wa shule huenda lisifike huko. Ukiona nyufa nyembamba ubavuni, umri wake umekwisha. Askari barabarani anaweza kuliona tairi kipara, lakini tairi zee lenye kashata humpita bila kumshtua.

Kuna jambo ambalo wauza matairi ya mtumba hawalisemi. Baadhi ya matairi yanayokuja na magari kutoka Japani ni ya theluji. Yana mikato mingi midogo juu ya kila kashata na huandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini makusudi, ili ushike barabara yenye barafu. Kwenye lami ya Gairo mwezi Oktoba mpira huo hulegea, huisha haraka na huongeza umbali wa gari kusimama unapofunga breki. Ukiyakuta dukani yapite, hata kama bei inavutia na kashata ni mpya.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mama mfanyabiashara, naishi Kisasa. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi. Fundi alibadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa ya ekzosi. Kijana mwenye mashine aliifuta taa, ikarudi wiki hiyo hiyo.

Mama, kuifuta taa ni kumnyamazisha mlinzi aliyepiga kelele kwa sababu. Kabla haijafutwa, mashine huonyesha msimbo wenye herufi moja na tarakimu nne, na huo ndio uliotakiwa kuupata kwa maandishi kabla ya kununua chochote. Kwa mfano, P0171 humaanisha kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Msimbo huo hautaji kifaa cha kubadilisha. Unasema tu wapi pa kuanzia kutafuta. Katika mji wenye vumbi kama huu mimi huanza na vitu visivyo na gharama: kama sanduku la eakilina (chujio la hewa) limefungwa sawasawa, kama paipu inayotoka hapo kuelekea injini haijapasuka, na kama sensa ya hewa haijachafuka kwa vumbi lililopenya. Nimeona magari mengi ambayo kosa lilikuwa klipu ya sanduku la eakilina iliyosahauliwa wakati wa sevisi.

Mweleze fundi kwamba utalipia uchunguzi peke yake, hata kama hatabadilisha kitu, na kwamba kila kifaa cha zamani unarudishiwa. Fundi anayelipwa kwa kubadilisha atabadilisha tu. Taa ikiwa inawaka tu bila kupepesa unaweza kuendelea kuendesha kwa siku chache. Ikiwa inawaka na kuzima huku injini ikitetemeka, punguza mwendo na uegeshe mapema, kwa kuwa petroli isiyoungua inakwenda kuiunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambayo ina thamani kubwa kuliko vyote ulivyokwisha kununua.

Nilinunua gari kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mwingine. Kadi bado ina jina la mwenye gari wa kwanza, na nimekuta faini za barabarani ambazo si zangu. — Msomaji, Bahi

Faini hizo zimeandikwa kwa namba ya gari, hivyo zitakufuata wewe unayelishika. Ungeweza kuzitazama kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kabla ya kulipa fedha yako, na wasomaji wengine wafanye hivyo, kwani inahitaji simu na namba ya gari tu. Hasara kubwa zaidi kwako ni kwamba kwenye kumbukumbu za TRA, Mamlaka ya Mapato, gari hilo si lako, na siku ya ajali bima inaweza kukuuliza maswali ambayo huna majibu yake.

Usianze na mtu aliyekuuzia. Mtafute kwanza mwenye jina lililo kwenye kadi, kwa kuwa bila saini yake uhamisho hauendi popote, na mueleze kwamba ajali yoyote itakayosababishwa na gari hilo itaanza kumtafuta yeye. Wengi hulegea wakilisikia hilo. Andaeni kwa mwanasheria mikataba miwili ya mauziano, wa kwanza kati yake na aliyekuuzia, wa pili kati ya huyo na wewe, kila mmoja akiwa na namba yake ya mlipakodi na kitambulisho, kisha mwende TRA na kadi halisi. Faini zilipwe kabla, na kiasi hicho mkitoe kwenye fedha yoyote ambayo bado unadaiwa na muuzaji, kama mliacha salio.