Brashi, Pumzi na Riziki: Majibu kwa Wachoraji Wanaozamia

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye mapenzi mawili na mshahara mmoja: wanachora, na wanazamia kwa pumzi moja bila mtungi wa hewa. Mengine tumeyafupisha.

Nimeajiriwa siku tano kwa wiki, nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Nikichora kila usiku, Jumamosi nikiingia majini sina pumzi. Niigawe vipi wiki?

Unagawa saa, na ndipo unapokosea. Gawa kwa hali ya mwili. Mkono uliochoka utaharibu mchoro, na mchoro unaweza kukwanguliwa kesho yake. Mwili uliokosa usingizi haulegei, na mwili usiolegea unakula oksijeni haraka. Kwa hiyo usiku wa kuamkia bahari ni wa kulala: brashi pembeni, pombe pembeni.

Mpangilio unaowafaa wengi wenye ajira ni huu. Jumatatu na Jumatano jioni chora saa mbili na nusu. Alhamisi bwawani, Ijumaa pumzika, Jumamosi asubuhi baharini. Jumamosi mchana usiguse kazi nyeti, kwa kuwa mwili utakuwa umelegea na macho yamechoka na chumvi. Ndio wakati wa kuwamba turubai kwenye fremu, kupaka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandaa turubai, mikono miwili na kupiga msasa katikati. Jumapili asubuhi, kwenye mwanga wa jua usioingia moja kwa moja, ndipo uamue rangi.

Kuna sababu ya kuacha uamuzi wa rangi hadi Jumapili. Chini ya balbu ya njano mchoro mzima huonekana wa joto, nawe unaongeza buluu ili kuurekebisha. Mchana ukiutazama umekuwa baridi kama maiti. Kama huna budi kuchora usiku, tafuta balbu ya kelvini 5000, yaani ya mwanga mweupe kama wa mchana, yenye kiwango cha kuonyesha rangi cha 90 au zaidi. Na usioshe ubao wa rangi kila jioni. Rangi ya mafuta ikifunikwa vizuri kwa plastiki na kuwekwa kwenye friza hudumu siku kadhaa, nawe unaokoa ile nusu saa ya kukamua tyubu upya.

Sina bwawa karibu. Naweza kufanya mazoezi ya pumzi kwenye beseni la kuogea, nikiwa peke yangu?

Hapana. Maji ya kina cha magoti yanatosha kumzamisha aliyezirai. Fanya kitandani, ukiwa umelala chali. Ukiweza kubana pumzi dakika 3, bana dakika 1 na nusu mara nane. Kabla ya mbano wa kwanza pumua dakika 2, kisha punguza mapumziko kwa sekunde 15 kila mara, hadi la mwisho liwe sekunde 15. Zoezi zima ni dakika 21, mara mbili au tatu kwa wiki. Usilifanye ukiwa umesimama wala ukiendesha gari.

Na usiheme haraka haraka kabla ya kubana. Kuhema hivyo hakuongezi oksijeni ya maana, kunafukuza kabonidioksidi tu, na hiyo ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Kengele ikishazimwa, mtu anazirai bila kuonywa.

Mchoro mmoja niuze bei gani? Nikitaja bei naona aibu.

Aibu inatoka kwa kukosa hesabu. Jumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha zidisha kwa kiwango chako kimoja, yaani bei ya kila sentimita. Mchoro wa 40 kwa 50 ni sentimita 90. Wa 80 kwa 100 ni 180, yaani bei mara mbili. Ungehesabu kwa eneo, ule mkubwa ungefika mara nne, na wachoraji wengi hukwama hapo: vidogo vinakwenda kwa bei ya kutupa, vikubwa havinunuliki.

Kiwango chenyewe hakitoki hewani. Chukua michoro mitano uliyokwisha kuikamilisha. Andika gharama ya turubai, rangi, fremu na vanishi, ongeza saa zako kwa malipo ya saa unayoyapata kazini, kisha gawanya jumla yote kwa jumla ya sentimita zote. Halafu kumbuka ukumbi wa maonyesho: mara nyingi huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei. Kama kiwango chako hakibebi nusu hiyo, kila mchoro utakaouzwa ukumbini utakutia hasara. Wala usimuuzie mtu nyumbani kwako kwa bei ya chini kuliko ya ukumbini. Mwenye ukumbi akigundua, na hugundua, mlango unafungwa.

Gharama za kuzamia usizitie kwenye bei. Mnunuzi halipii mapezi yako.

Nataka nichore nikiwa chini, si kwa kukumbuka nikishatoka. Inawezekana?

Inawezekana, na si jambo geni. Mwaustria Eugen von Ransonnet alichora chini ya maji huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, katika miaka ya 1860, akiwa ndani ya kengele ya kuzamia, chombo kinachoshushwa majini kikiwa na hewa ndani. Wewe huna kengele, una pumzi moja, basi anza na hesabu.

Ukishuka mita 10 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, sekunde 10 zinakwenda kushuka na 10 kupanda. Mbizi ya dakika moja inakuachia sekunde 35 hivi za kuchora, ukitoa za kutulia. Juu pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, yaani dakika 2. Kwa saa nzima ni mbizi 20 kwa wingi, au dakika 11 na ushei za penseli. Mbizi moja, kitu kimoja: pinduko la tumbawe, au kivuli chini ya tumbo la samaki. Anayetaka mandhari nzima kwa mbizi moja hutoka na mistari isiyosomeka.

Karatasi ni bamba jeupe la plastiki la milimita 2 au 3, lililopigwa msasa wa namba 240 mpaka liwe na ukungu. Penseli iwe ya grafiti tupu, 2B au 4B; ya mbao huvimba gundi ikaachia. Ifunge kwa uzi usiozidi sentimita 30, wenye klipu inayofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu uzi mrefu ndio unaokunasa. Saa ya mkononi iwe na kengele ya sekunde 45. Kuchora kunasahaulisha muda kuliko jambo lolote tunalolijua majini.

Sasa rangi. Nyekundu hufifia ndani ya mita chache za mwanzo, rangi ya chungwa hufuata, kisha njano. Buluu hubaki hadi mwisho. Damu kwenye kina huonekana ya kijani. Kwa hiyo usiandike "samaki mwekundu" kwa kuwa unajua ni mwekundu. Andika ulichokiona, pamoja na kina: "kahawia-kijivu, mita 12". Pia kupitia miwani vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi na karibu zaidi kwa robo. Ukipima samaki kwa jicho, punguza ukifika kwenye turubai.

Mwenzako abaki juu akikutazama tangu unapoanza kushuka hadi sekunde 30 baada ya kutoa kichwa. Kuzirai kwingi hutokea karibu na uso wa maji au juu kabisa, mtu akiwa tayari ametabasamu. Mkishuka wote wawili pamoja, hakuna mlinzi.

Mteja ameagiza michoro sita ya matumbawe kwa wiki nne. Nina mafua, naye anataka niende baharini kesho.

Usiende. Mafua huziba mrija wa sikio, na katika mita 10 za kwanza shinikizo huongezeka mara mbili. Huko ndiko ngoma ya sikio inakopasuka kwa asiyesawazisha shinikizo la sikioni. Dawa ya kufungua pua ni mtego mwingine: nguvu yake ikiisha ukiwa chini, hewa ya sikioni inashindwa kutoka wakati wa kupanda. Wiki moja ya kusubiri ni nafuu kuliko miezi ya sikio bovu.

Tumia michoro yako ya zamani, na utazame muda wa mkataba, kwa kuwa rangi nayo ina siku zake za kukauka. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuvukiza. Inakauka kwa kushika oksijeni, na nyekundu za kadimiamu huweza kuchukua wiki nzima au zaidi kabla ya kugusika. Kwa wiki nne, weka tabaka za chini kwa akriliki, zinakauka ndani ya nusu saa, kisha malizia kwa mafuta membamba. Kinyume chake kamwe: akriliki juu ya mafuta hubanduka.

Safari nyingine chukua theluthi hadi nusu ya malipo kabla ya kuanza, taja mabadiliko mawili tu ya bure, na usiandike popote tarehe ya kuzamia. Tarehe ya kukabidhi, ndiyo. Mbizi yenye tarehe ya mwisho ndiyo mbizi ambayo mtu huiongeza sekunde asizokuwa nazo.

Niache kazi lini?

Andika mapato na gharama za sanaa kwa miezi 12, ukijumuisha miezi ya sifuri, kisha gawanya kwa 12. Ikiwa wastani huo unalipa mahitaji yako, na una akiba ya miezi sita pembeni, omba kwanza kupunguziwa siku moja kazini. Usitumie mwezi mzuri kama kipimo. Onyesho moja hudanganya.

Je, nifundishe kuzamia badala yake?

Inalipa kwa msimu, na sikio likiumia kipato kinasimama siku hiyohiyo. Tena siku ya kufundisha si siku ya kuzamia kwako, uko juu ukihesabu vichwa. Kama kipato cha pili, sawa.

Nachora chumbani ninapolala. Kuna hatari?

Harufu ya tapentaini fungulia dirisha, au badilisha uoshee brashi kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni. Lililo baya zaidi ni matambara yenye mafuta ya kitani. Yakirundikwa hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Yaanike nje moja moja mpaka yakakamae, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko kabla hujazima taa.