Nanaa haisagwi

Dada, umeuliza kwa nini juisi yako ya stroberi na nanaa ilitoka chungu, na wageni wa komunyo wanakuja Jumapili. Kosa ni kusaga nanaa kwenye blenda. Weka majani kumi kiganjani, yapige kofi moja mpaka harufu ikupande puani, yatie kwenye jagi mazima. Stroberi nusu kilo zioshe, ziponde kwa uma na vijiko vitatu vya sukari, uziache dakika 20 zitoe maji yake mekundu. Kamulia ndimu mbili, ongeza lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapa Bukavu umeme ukikatika barafu hakuna. Mimi huzamisha jagi kwenye beseni la maji baridi. Na stroberi ndogo zilizoiva sana, usizidharau sokoni Kadutu: kwa kuponda, ndizo tamu.