Defenda inapita kila usiku, wezi hawakomi: doria yetu ina kasoro gani?

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa mmoja hapa kata ya Nzuguni, Dodoma. Tuliomba doria tukapewa. Defenda ya polisi inapita karibu kila usiku, saa sita na tena saa tisa hivi. Vijana wetu wa ulinzi shirikishi wanazunguka kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, na kila kaya inachangia. Hata hivyo, kwa miezi mitatu nimeandika matukio tisa kwenye daftari. Sita ni nyumba kuvunjwa, matano kati ya hayo wenyewe wakiwa kazini. Matatu ni simu kuporwa na watu wa pikipiki kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, abiria wakielekea stendi. Yaliyofika kituoni ni matatu tu. Wananchi wameanza kugoma kuchanga. Je, doria inazuia uhalifu kweli au tunajifariji? Na tuipangeje?

JIBU: Marahaba, katibu. Kwanza hongera kwa hilo daftari. Kamati nyingi nilizokutana nazo hazina hata kalamu. Sasa lisome upya, safari hii kwa saa. Nyumba tano kati ya sita zimevunjwa mchana. Doria yenu yote, ya gari na ya miguu, ni ya usiku. Mnalinda saa ambazo mwizi wenu wa nyumba amelala.

Siwalaumu. Ulinzi wa jadi tuliourithi ni wa usiku. Sungusungu walipoanza kule Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, hofu kubwa ilikuwa wezi wa ng'ombe na majambazi, na mchana kijiji kilikuwa na watu wake. Dodoma ya leo sivyo ilivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi ni watumishi wanaoondoka asubuhi kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kurudi jioni, wengine familia zao bado ziko Dar es Salaam. Saa nne asubuhi nyumba ina kufuli tu, na jirani ni kiwanja chenye vichaka ambacho mwenyewe hajawahi kukijenga.

Kuhusu doria kuzuia uhalifu: inategemea doria ipi. Nilipokuwa kazini tulikuwa tunajaza kilomita kwenye kitabu cha gari na kuhesabu kuwa tumefanya doria. Kilomita zilikuwa nyingi kweli. Wamarekani walilipima jambo hili mapema, kati ya 1972 na 1973, katika mji wa Kansas City. Maeneo 15 yaligawanywa makundi matatu: moja likaondolewa doria za kawaida za gari, la pili likaachwa kama lilivyokuwa, la tatu likaongezewa mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, na wakazi hata hawakugundua mabadiliko. Gari linalopita tu mwizi analisikia, anajibanza kwenye korongo dakika mbili, anaendelea na kazi yake.

Lililokuja kuonyesha matokeo ni jingine. Mjini Minneapolis watafiti waligundua kuwa takriban nusu ya simu zote za kuwaita polisi zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani za mji. Wakapeleka askari kwenye sehemu hizo chache, wasimame hapo waonekane, na vurugu na simu za uhalifu zikapungua. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kuwa muda unaofaa kukaa sehemu moja ni kama dakika 10 hadi 15. Chini ya hapo ni kupita njia. Ukizidisha sana unachosha askari bila faida ya ziada. Na ratiba isikaririke, maana defenda yenu ya saa sita na saa tisa hata mimi nimeshaikariri, na siishi Nzuguni.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora mtaa, weka alama kwenye matukio yote tisa pamoja na saa zake. Nina hakika hayatasambaa sawasawa. Njia ya kwenda stendi itakuwa na kona moja au mbili zenye giza. Hapo wawepo vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa na filimbi, kuanzia saa kumi kasorobo hadi kunapambazuka. Wakae robo saa kona hii, wahamie ile, warudi, bila mpangilio wa kukaririka. Mwombeni mkaguzi wa polisi wa kata yenu azungumze na mkuu wa kituo: badala ya kupita mara mbili, gari lije mara moja, lisimame kwenye kona, askari washuke na kusalimiana na watu. Kushuka kwenye gari ndiko kazi yenyewe. Aliyeshuka anaambiwa mambo. Aliyeko ndani anapigiwa saluti tu.

Mchana ni mgumu zaidi kwa sababu vijana wenu nao wana vibarua vyao. Lakini mchana mtaa una macho: mama ntilie, fundi cherehani, wakala wa pesa, bodaboda wa kijiweni. Hawa hawahitaji rungu. Wanahitaji namba ya mtu mmoja atakayepokea simu na kufika ndani ya dakika chache. Hamisheni sehemu ya posho ya usiku ilipe watu wawili wa zamu ya saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakitembea kwa miguu, wakigonga mageti na kuulizia mgeni waliyemwona. Viwanja vyenye vichaka vipelekeeni mtendaji, wenye navyo watafutwe wafyeke.

Yale matukio sita yasiyoripotiwa yananikera kuliko wizi wenyewe. Mkuu wa kituo anapanga doria kwa kuangalia kitabu chake. Kwenye kitabu chake mtaa wenu una matukio matatu, basi mnapata doria ya matukio matatu. Najua watu wanasema RB, ile namba ya taarifa unayopewa kituoni, hairudishi televisheni. Ni kweli. Lakini ndiyo inayoleta askari kesho.

Jambo jingine, hukuliuliza ila litakuja. Wananchi wakikasirika watadai msako, vijana wote wa vijiweni wazolewe. Msikubali. Unazoa hamsini, mwizi hayumo, na hamsini hao hawatakupa taarifa tena maisha. Tena mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za kukamata watu kwa uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Mkimkamata mtu akitenda kosa, akabidhiwe polisi mara moja, bila kipigo.

Jipeni miezi mitatu kwa mpango huu, kisha linganisha kwa saa na kwa kona, si jumla peke yake. Matukio tisa yakishuka kuwa saba, usiitishe mkutano wa kujipongeza. Idadi ndogo hivyo hupanda na kushuka yenyewe. Uvunjaji wa mchana ukitoka matano ukafika moja au sifuri, nenda kwa wachangiaji na daftari mkononi. Pia tarajia idadi ya walioripoti ipande kabla ya kushuka, na umweleze mwenyekiti hilo mapema, asije akashtuka.