Sukari imeshuka, ketoni zimejaa kwenye mkojo: je, ni kisukari?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 3, mwembamba tangu utotoni lakini mchangamfu. Jumamosi tulikuwa kwenye sherehe ya ukoo Rombo. Alikula saa 8 mchana, akacheza weee, akasinzia garini, na tulipofika Moshi nikamlaza hivyo hivyo. Saa 3 asubuhi namwamsha, jasho la baridi, amelegea, kisha akatapika. Zahanati walimtoboa kidole, sukari 2.4, mkojo ketoni +++. Walimpa glukosi kwenye mshipa, muda si mrefu akaomba chapati. Jirani anasema ketoni ni dalili ya kisukari. Ni kweli? (Mama, Majengo)

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa mshtuko. Jirani amesikia nusu ya habari. Ketoni husomwa pamoja na sukari. Mgonjwa wa kisukari mwenye ketoni nyingi kwa kawaida sukari yake imepita 11, ila mwili unashindwa kuitumia. Mwanao alikuwa na 2.4. Yeye sukari ilimwishia.

Hesabu mwenyewe: saa 8 mchana hadi saa 3 asubuhi ni saa 19 bila chakula. Mimi na wewe tungeamka na njaa tu. Mtoto wa miaka 3 ana kichwa kikubwa na ghala dogo: ubongo unakula sukari nyingi kuliko kiungo kingine, na akiba iliyo kwenye ini lake haifiki mbali. Akiba ikiisha, ini hutengeneza sukari kutokana na protini za misuli, na mwembamba hana misuli ya kutosha. Hapo mwili unachoma mafuta, na mafuta yakichomwa hutoa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Kwa hiyo zile +++ ni mwili uliokuwa unajitetea. Zikizidi huleta kichefuchefu, na mdomo hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Hali hii huwapata zaidi watoto wa mwaka 1 na nusu hadi 5, na wengi huachana nayo wakifika miaka 8 au 9.

Lakini nina swali, na usinikasirikie: kwenye sherehe kulikuwa na mbege? Watoto humalizia vibuyu vya wakubwa, na pombe kidogo tu huzuia ini la mtoto kutengeneza sukari. Pia, pale nyumbani kuna bibi anayemeza vidonge vya kisukari? Mtoto akivimeza sukari hushuka, ila ketoni huwa kidogo au hakuna kabisa, na sukari ya chini isiyo na ketoni hunitia wasiwasi kuliko hii yenu. Na kama hawakumpima malaria, apimwe.

Kuanzia leo asilale bila kula. Uji wa ulezi wenye maziwa, au mtori, karibu na muda wa kulala, na akiamka ale mapema. Akisinzia njiani, mwamshe ale hata kama atalia. Akiumwa na kukataa chakula, mpe chai ya sukari au juisi, kijiko kimoja kimoja kila dakika chache. Akitapika kila kitu, usingoje kuche. Akilegea hadi hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu, loanisha kijiko cha chai cha sukari kwa maji kidogo, weka chini ya ulimi, na safari ya hospitali ianze papo hapo.

Hata akiwa mzima, mlete kliniki ya watoto mara moja, tuangalie ini na ukuaji wake. Ikijirudia, hasa baada ya saa chache tu bila kula, waombe wachukue damu ya vipimo kabla ya kumpa glukosi, mradi isimcheleweshe. Damu ya dakika ile hueleza mengi ambayo ya kesho yake haielezi. Na ile karatasi ya zahanati yenye 2.4 na +++ usiitupe, njoo nayo.